Madoa meupe yamerudi siku ya tano baada ya dawa, kosa liko wapi?

Majitulivu (mleta uzi)

Wakuu, naomba msaada, hali si nzuri.

Tangi lina sm 120 × 40 × 50, joto nyuzi 25. Ndani kuna tetra neoni 20, Corydoras 6, botia 3 na skalari 2. Botia walianza kujisugua kwenye mawe, kesho yake wakatoka madoa meupe kama punje za chumvi, kisha tetra wakafuata. Nimetia dawa ya maji yenye malakaiti grini na formalini kwa siku tatu mfululizo, kipimo kamili cha lita 240. Siku ya tatu samaki walikuwa safi kabisa, nikaacha. Siku ya tano madoa yamerudi mara tatu ya mwanzo, na tetra wawili wamekufa.

Maswali: (1) Dawa ni mbovu? (2) Niongeze kipimo mara mbili? (3) Nasikia chumvi na joto vinatosha, lakini wengine wanasema chumvi inaua Corydoras. Lipi ni lipi?

fundi_tangi

Usiongeze hata tone. Dawa huenda ni nzima kabisa. Kosa ni kuhesabu siku za tiba kwa kuangalia madoa.

Mdudu wa madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, ana awamu tatu, na dawa inamfikia katika awamu moja tu. Doa unaloliona ni mdudu anayekula akiwa chini ya ngozi ya samaki, amefunikwa na seli za samaki mwenyewe. Hapo dawa haimgusi bila kumuunguza samaki kwanza. Akishiba, anafika hata karibu na milimita moja, anatoboa ngozi, anashuka na kunata popote: changarawe, jani, kioo, sponji ya filta. Anajifungia ndani ya kifuko na kuanza kujigawa. Mmoja anatoa mamia, pengine hadi elfu moja. Ndani ya kifuko napo dawa haipenyi vizuri. Kifuko kikipasuka wanatoka waogeleaji wadogo wasioonekana kwa macho, nao wana siku moja hadi mbili tu kumpata samaki, la sivyo wanakufa. Hao waogeleaji ndio dawa inaowaua. Hao tu.

Kwa hiyo siku ya tatu samaki wako hawakupona. Wadudu walishiba wakashuka. Ukaacha dawa saa ileile vifuko vilipokuwa vinajiandaa kupasuka. Kwa nyuzi 25 mzunguko mzima huchukua siku nne hadi saba hivi, na siku yako ya tano inaingia humo bila kulazimisha. Kwenye maji ya nyuzi 10 mzunguko huohuo ungeweza kuchukua zaidi ya mwezi, ndiyo maana ratiba ya dawa isiyotaja joto la maji haina maana.

Joto basi linafanya kazi mbili: linawaharakisha kushuka kutoka kwa samaki, na kuanzia nyuzi 30 aina nyingi za mdudu huyu zinashindwa kuzaana. Si zote, zipo zinazovumilia zaidi ya hapo. Njia ya kawaida:

– Pandisha nyuzi 1 kila saa 6 hadi 8 mpaka ufike 30. Soma kipimajoto, si namba iliyoandikwa kwenye hita. Kwa tangi kama lako hita iwe ya wati 200 hivi, la sivyo itahangaika tu.
– Weka jiwe la hewa la pili kabla hujaanza kupandisha, si baada ya kuona samaki wanahemea juu. Maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni kama mg 8.3 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.5, na matamvua yaliyotobolewa hayawezi kuitumia vizuri hata hiyo.
– Fyonza changarawe kila siku, kwanza pale botia wanapolala. Kila kifuko unachokitoa kwa mpira ni mamia ya waogeleaji ambao hutalazimika kuwaua kwa dawa.
– Endelea kwa siku 10, na zisipungue siku 5 tangu doa la mwisho kuonekana.

Na chumvi, ndiyo, gramu 2 kwa lita. Corydoras hawafi kwa kipimo hicho kikipandishwa polepole. Wanaokufa ni wale wanaomwagiwa chumvi kavu ikawaangukia mgongoni.

Hadubini100

Kabla hatujafika huko, mleta uzi hajasema kama ana uhakika ni ugonjwa huo. Kila doa jeupe sasa limekuwa ni hilo moja.

Angalia haya. Vumbi laini la njano au la dhahabu, linaloonekana ukizima taa ya chumba na kumulika tochi kwa pembeni, ni mdudu mwingine, Piscinoodinium. Huyo anapumulisha samaki kwa kasi kabla hujaona chochote kwenye ngozi. Vishada vyenye ukubwa usiolingana, vimechomoza nje ya ngozi na kukaa palepale siku baada ya siku, huenda ni Epistylis. Huyo hali samaki, amejishikiza tu kwa bua na anakula bakteria wa kwenye maji machafu. Ukimpelekea nyuzi 30 unawaharakisha bakteria wanaoingia kwenye vidonda. Vivimbe vikubwa vinavyofanana na koliflawa kwenye mapezi ni ugonjwa wa virusi, lymphocystis, na hakuna dawa ya kutia majini itakayoviondoa. Na kwa wenye goldfish, ingawa hapa hawapo: dume akikomaa hutoka vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Ni dalili kwamba yuko tayari kuzaliana. Wengi wametiwa malakaiti kwa kosa la kuwa wanaume.

Mwenye hadubini ndogo hahitaji kubahatisha. Mshike samaki kwa mkono uliolowa. Kwa ukingo wa kioo chembamba kwangua ute kidogo sana nyuma ya pezi la kifuani, kutoka kichwani kuelekea mkiani, usiende kinyume cha magamba. Weka kwenye kioo na tone la maji ya tangi lenyewe, si ya bomba, maana klorini itakuulia unachokitafuta. Tazama ndani ya dakika chache, kwa ukuzaji wa mara 40 kisha mara 100. Mdudu wa madoa meupe ni mpira mweusi mweusi unaojiviringisha polepole, una vinyweleo pande zote, na kiini chake kimekunjwa kama kiatu cha chuma cha farasi. Ukishamwona mara moja hutamchanganya na mwingine. Kisahani kinachozunguka chenye duara la meno katikati ni mdudu mwingine, Trichodina. Wa tatu, Costia, ni mdogo mno, anataka mara 400, na anarukaruka kama koma iliyokatika.

Halafu kuhusu nyuzi 30: sikubali kama amri ya kila tangi. Tetra neoni si samaki wa maji ya moto. Zaidi ya hapo, mleta uzi ametia formalini siku tatu, na hatujui filta ikoje. Pima amonia na naitraiti kwanza, sumu za uchafu wa samaki ambazo bakteria wa filta huziondoa.

Majitulivu

Asanteni. Madoa yanalingana ukubwa, hayana rangi ya dhahabu, na yale ya siku ya kwanza hayapo tena, haya ni mapya sehemu nyingine. Hadubini sina.

Vipimo vya leo: amonia 0.5, naitraiti 0.5, pH 7.4. Filta ni ya nje, ina sponji, vigae na mfuko wa mkaa. Taa ya mionzi ya kuulia mwani nayo ilikuwa inawaka muda wote.

fundi_tangi

Mkaa. Umetibu mfuko wa mkaa kwa siku tatu.

Mkaa wa filta unanyonya malakaiti kwa masaa, na taa ya mionzi inaivunja iliyobaki. Kwa hiyo waogeleaji walikutana na dawa pungufu. Toa mkaa leo. Taa ya mionzi unaweza kuiacha iwake maadamu hutii dawa, inaua waogeleaji wanaopita ndani yake. Haitamponya samaki peke yake, kwa sababu waogeleaji wengi hawapiti kwenye filta, wanatoka changarawani na kumpanda botia aliyelala juu yake.

Hadubini100 yuko sahihi kuhusu filta, narekebisha niliyosema. Amonia 0.5 kwa pH 7.4 si msiba kwa sababu sehemu kubwa iko katika hali isiyo na sumu kali. Lakini sehemu yenye sumu inaongezeka na joto: kwa pH hiyo ni kama asilimia 1.4 kwenye nyuzi 25, na kama 2 kwenye nyuzi 30. Ishia nyuzi 28 kwa sasa, badilisha maji robo kila siku, na chakula kiwe kidogo mara moja kwa siku. Amonia ikirudi sifuri ndipo uende 30.

Naitraiti inatoa sababu nyingine ya kutia chumvi. Kloridi iliyomo kwenye chumvi inashindana na naitraiti kwenye mlango uleule wa matamvua, hivyo inaingia kidogo kwenye damu. Ni kinga ya siku chache wakati filta inajijenga upya.

GramKwaLita

Hakuna aliyegusa lita 240, na mimi naona kosa lilianzia hapo.

120 × 40 × 50 ni vipimo vya nje, mpaka ukingoni. Toa unene wa kioo, tuseme sm 1 kila upande, ndani unabaki na 118 × 38. Maji hayajai hadi juu, tuseme yanafika sm 45 kutoka chini: 118 × 38 × 45 ÷ 1000 = lita 201.8. Changarawe ya kina cha sm 5 inachukua ujazo wa lita 22.4, lakini karibu asilimia 40 yake ni nafasi ya maji, kwa hiyo inasukuma kama lita 13. Toa mawe na magogo. Una lita 180, labda pungufu kidogo. Ukatia dawa ya lita 240, yaani umezidisha kwa theluthi moja. Na ndani una botia, Corydoras na tetra, ambao ndio kundi linalopaswa kupewa nusu. Mkaa ulichofanya ni kuwaokoa samaki wako. Filta haikuwa na bahati hiyo.

Sasa chumvi, kwa lita 180:

Gramu 2 kwa lita ni gramu 360. Igawe mara tatu, gramu 120 kila baada ya saa 12. Pima kwa mizani, kijiko cha chumvi laini na kijiko cha chumvi ya mawe havina uzito mmoja. Iyeyushe kabisa kwenye jagi la maji ya tangi, kisha mimina taratibu pale maji ya filta yanapotokea. Chumvi ya kawaida isiyo na viungo inafaa, iodini iliyomo ni kidogo mno kudhuru. Chumvi ya magnesiamu ni kitu kingine, haichukui nafasi yake.

Mahali watu wanapoharibu ni kwenye kujazia. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu, maana chumvi haijaenda popote. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu: umetoa lita 45, rudisha gramu 90. Anayetia gramu 360 mpya kila anapobadilisha maji atafika gramu 4 au 5 kwa lita bila kujua, halafu atasema Corydoras hawapatani na chumvi. Mimea laini italalamika hata kwa gramu 2, ukiweza ihamishe.

Majitulivu

Kumbe. Naanza leo na gramu 120 na nyuzi 26.

Swali lingine. Ikiwa joto na chumvi vitashindwa, nirudie dawa vipi kwa usahihi? Na skalari mmoja hana doa hata moja lakini anapumua haraka na kifuniko cha shavu la kushoto amekifunga, anatumia la kulia tu. Alikuwa hivyo hata kabla ya madoa.

GramKwaLita

La dawa nalijibu mimi, skalari namwachia Hadubini100.

Jipe siku nne tangu ufike kwenye joto lengwa. Ukiona madoa mapya yanaendelea kutoka baada ya hapo, shusha hadi nyuzi 27 au 28 kisha anza dawa. Usitie formalini kwenye nyuzi 30. Kanuni inayotumika ni kwamba kila mg 5 za formalini kwa lita huishia kuondoa takriban mg 1 ya oksijeni kwa lita. Kipimo kamili cha mg 25 kinaweza kukuondolea mg 5, na kwenye nyuzi 28 maji yaliyoshiba yana 7.8 tu. Jiwe la hewa lisizimwe hata dakika.

Vipimo, kwa mtu mwenye vimiminika viwili tofauti:

Malakaiti grini: kamili ni mg 0.1 kwa lita, nusu ni 0.05. Kwa lita 180 nusu ni mg 9. Kimiminika cha asilimia 1 kina mg 10 kwa kila ml, basi ni ml 0.9, pima kwa bomba la sindano la ml 1. Iwe ile isiyo na zinki.

Formalini (maji ya formaldehidi ya asilimia 37): kamili ni ml 2.5 kwa lita 100, yaani ml 4.5 kwako. Nusu ni ml 2.25. Ikiwa ina unga mweupe uliotuama chini, itupe, huo ni sumu kali zaidi kwa samaki na hautokei tu kwa uzee, hata kuhifadhiwa kwenye baridi kunauleta.

Kwa dawa iliyokwisha changanywa kama yako, fuata lebo na utie nusu ya kipimo cha lita 180. Usianze kukokotoa upya viungo.

Ratiba: siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kabla ya kila dozi fyonza chini na badilisha maji asilimia 30 hivi, maana uchafu wa changarawe unaimeza malakaiti kabla ya waogeleaji kuionja. Zima taa ya tangi na ya mionzi, mwanga unaivunja. Dozi tano zisizokatwa, na angalau mbili kati yake ziwe baada ya doa la mwisho. Silikoni ya tangi itageuka kijani, haitoki, zoea. Vaa glavu na usivute mvuke: formalini ni ya kansa, na malakaiti inashukiwa kuharibu vinasaba, ndiyo sababu nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa.

Ukiona samaki wanajipinda, wanadondoka au wanapanda wote juu dakika chache baada ya dozi, usisubiri kuona kama watazoea. Badilisha nusu ya maji na urudishe mkaa.

Hadubini100

Skalari anayepumulia upande mmoja, hana madoa, na alianza kabla ya wengine: namshuku mnyoo wa matamvua, Dactylogyrus. Naitraiti ingewapumulisha samaki wote, si mmoja. Kama una mtu wa kukusaidia, inua kifuniko cha shavu utazame kwa tochi: ute mwingi na rangi iliyopauka inaongeza uzito wa dhana hiyo. Hadubini ingemwonyesha ana nukta nne za macho kichwani na kulabu nyuma. Ndugu yake wa ngozini, Gyrodactylus, hana macho, na tumboni unaona mtoto mwenye kulabu zake tayari.

Tofauti hiyo ya uzazi ndiyo inayoamua ratiba. Gyrodactylus anazaa mtoto hai, kwa hiyo dozi moja nzuri ya prazikwanteli, dawa ya minyoo, mara nyingi inammaliza. Dactylogyrus anataga mayai, na mayai hayaathiriki na dawa. Kwa nyuzi 27 au 28 yanaanguliwa ndani ya siku chache tu, basi unarudia baada ya siku 5 hadi 7, kisha mara ya tatu. Anayetia mara moja anaona nafuu wiki moja, halafu anarudi palepale.

Prazikwanteli ni dawa ileile ya kichocho ya binadamu. Kipimo ni mg 2.5 kwa lita: lita 180 ni mg 450, robo tatu ya kidonge cha mg 600. Shida yake ni kuyeyuka. Ukitupa kidonge kizima kitakaa chini kama jiwe. Kisage kiwe unga laini kabisa, kilowanishe kwa ml chache za pombe kali isiyo na rangi wala sukari, tikisa kwenye chupa yenye maji ya tangi, mimina mbele ya filta. Maji yatakuwa na ukungu siku moja au mbili kwa sababu ya viungo vya kidonge na pombe, bakteria wanavila na kutumia oksijeni. Hewa tena. Mkaa na taa ya mionzi, zima vyote. Haiui bakteria wa filta, na inakaa vizuri pamoja na chumvi na joto, kwa hiyo unaweza kuianza sasa bila kungoja madoa yaishe. Ila siku ambayo mtalazimika kwenda kwenye formalini, usiweke vyote viwili siku moja. Samaki akidondoka hutajua ni kipi.

mkia_wa_panga

Samahani kwa kuingilia uzi. Nina samaki aina ya gapi ambao nyuzi nyekundu zinachomoza kwenye tundu la haja, kama nywele fupi tatu nne. Nimetumia prazikwanteli mara mbili bila mafanikio. Tangi ni lita 80.

fundi_tangi

Ilistahili uzi wake, lakini jibu ni fupi. Huyo ni Camallanus, mnyoo wa mviringo. Prazikwanteli ni ya minyoo bapa na tegu, kwa huyu ni maji tu. Anaonekana nje samaki akitulia, samaki akishtuka mnyoo anarudi ndani. Usimvute kwa kibano, ameng'ata ukuta wa utumbo, utautoa pamoja naye.

Dawa yake ni levamisoli, mg 2 kwa lita. Lita 80 ni mg 160, na kama unayo ya mifugo ya asilimia 10 (mg 100 kwa ml) ni ml 1.6. Soma lebo: iwe levamisoli pekee. Zipo zilizochanganywa na dawa nyingine ya minyoo ya ini, hizo usitie kwa samaki. Saa 24 gizani, funika tangi, mwanga unaiharibu. Muhimu hapa: dawa inampooza mnyoo, haimuui papo hapo. Anaachia, anatoka na kinyesi akiwa bado na mimba ya vibuu, na samaki wenzake wanamla. Kwa hiyo baada ya hizo saa 24 fyonza chini mpaka changarawe ing'ae na badilisha robo tatu ya maji. Rudia baada ya wiki tatu. Samaki wote wa tangi hilo ni wagonjwa hata asiyeonyesha uzi, na mpira uliofyonzea usiupeleke tangi lingine.

Majitulivu

Nimeelewa. Amonia imeshuka hadi 0.25 leo baada ya kubadilisha maji, joto nyuzi 27. La mwisho: nyavu na mimea nifanyeje? Nina uduvi wachache kwenye tangi dogo la pembeni, hawana samaki, nilitaka kuhamishia mimea huko.

GramKwaLita

Hamisha, ila hesabu tangi hilo limeambukizwa kuanzia leo. Vifuko vinanata kwenye majani na hata kwenye gamba la uduvi, ingawa uduvi wenyewe haugui. Bila samaki, kwa nyuzi 25 au zaidi, waogeleaji watatoka na kufa njaa. Usiingize samaki humo wala kurudisha mimea kwa siku 10 kamili. Na uduvi usikaribie formalini wala dawa yoyote yenye shaba.

Nyavu, mpira na ndoo: vikaushe mpaka vikauke kweli kweli, juani kama inawezekana. Mdudu huyu hana ganda la kuvumilia ukavu. Kinachomvusha kutoka tangi moja hadi jingine ni wavu ulioning'inizwa ukiwa bado unadondosha maji.

Hadubini100

Niongeze moja kuhusu karantini, kwa kuwa nadhani botia walikuja na mgeni huyu. Wiki nne katika tangi tupu, lakini liwe na joto la nyuzi 26 au 27. Samaki akiwekwa karantini kwenye maji ya nyuzi 18, mdudu anajivuta, mzunguko unarefuka, wiki mbili zinapita hujaona kitu, halafu unamhamishia kwenye tangi kuu la nyuzi 26 na madoa yanatoka kwa wote siku ya nne. Sakafu ya karantini iwe kioo kitupu, uifute na kuifyonza kila siku. Ukiwa na samaki wawili watatu tu na ndoo mbili kubwa, unaweza hata kuwaponya bila dawa: wahamishe kila siku kwenye chombo kilichooshwa na kukaushwa, chenye maji ya joto lilelile yasiyo na klorini, kwa siku saba. Wanaoshuka usiku wanaachwa nyuma asubuhi kabla vifuko havijapasuka. Tetra neoni usiwafanyie hivyo, kushikwa kila siku kutawaua kabla ya mdudu.